Sura ya Saba: Deni Lililolipwa Kimyakimya

Mtu akitangaza kijiweni kwamba ameacha kubeti, jibu la kwanza atakalopewa ni kicheko. La pili ni swali: "Tangu lini, tangu jana?" La tatu huja baadaye kidogo, watu wakiwa wameshatulia, nalo ni ombi: "Sawa, umeacha. Lakini hebu nitazamie hizi timu, wewe si ndiye mtaalamu?" Anayeomba hana nia mbaya. Machoni pake mwenzake hakuwa mgonjwa hata siku moja. Alikuwa mtu anayeijua ligi ya Uturuki na ya Denmaki kuliko watangazaji wa redio, na ujuzi huo sasa unataka kuozea bure.

Tusimlaumu sana. Kampuni ya utafiti ya GeoPoll ilipowahoji vijana wa nchi kadhaa za Afrika mwaka 2017, vijana 76 katika kila 100 wa Kenya walisema wamewahi kucheza kamari au kubeti. Jambo linalofanywa na watu wengi kiasi hicho ni vigumu kuonekana maradhi. Wengi wao huweka buku Jumamosi, likaliwa, wakaenda kulala. Aliyenasa yumo humohumo katikati yao, na kwa kumtazama huwezi kumtofautisha: hanuki pombe, hapepesuki, macho yake ni meupe. Anaweza kuimaliza ada ya mtoto akiwa amekaa kwenye kochi karibu na mkewe, tamthilia ikiendelea.

Vitabu vya tiba huzungumza sana kuhusu ubongo na kuhusu fedha. Kuhusu Jumamosi havisemi kitu. Kijana wa Mbagala au wa Kayole aliyezoea kubeti, Jumamosi yake imepangwa tangu alfajiri: asubuhi kusoma ratiba, mchana kupanga mkeka, yaani orodha ya timu za kubetia, na wenzake, jioni kibanda umiza, usiku kuhesabu nani kachaniwa na timu gani. Ukimwondolea mkeka umemwondolea pia mazungumzo, matani, na sababu ya kukaa na watu. Mechi ya Getafe na Alavés ambayo hana hela ndani yake haimhusu kabisa. Anaitazama dakika kumi, kisha anagundua, pengine kwa mara ya kwanza, kwamba mpira wenyewe alishaacha kuupenda zamani. Anarudi nyumbani saa moja jioni na hajui la kufanya. Nyumbani nako hawajazoea kumwona saa hiyo, na kila mtu anaendelea na shughuli yake kana kwamba ameingia mpangaji.

Ndugu huuliza kwa hasira kwa nini asiache tu, maana hesabu inaonekana. Na kweli inaonekana. Chukua mkeka wa mechi 10, kila moja ikiwa na odi ya 1.5, timu zile ambazo mtaani huitwa za uhakika. Tuseme kila timu ina nafasi 63 katika 100 za kushinda. Mkeka ukitiki unalipa karibu mara 58 ya dau. Lakini nafasi ya timu zote 10 kushinda kwa pamoja haifiki hata moja katika 100. Kwa wastani, kila shilingi 1,000 inayowekwa kwenye mikeka ya namna hiyo hurudisha kama shilingi 570. Kampuni haihitaji kumwibia mtu; inahitaji tu aendelee kucheza. Jackpot ya mechi 17, kila mechi ikiwa na matokeo matatu, ina mikeka tofauti 129,140,163. Mwezi Mei 2017 kijana mmoja wa Kenya aliipata jackpot ya aina hiyo, shilingi milioni 221 za Kenya, na habari yake ikasambaa kote. Wale waliokosa wiki ileile hawakuandikwa popote.

Basi hesabu anaijua. Tena mara nyingi anaijua kuliko wanaomkaripia. Kinachomshika ni kile kinachotokea mkeka unapochanwa na timu moja. Tisa zimetiki, ya kumi imesawazishiwa dakika ya 90. Wewe na mimi tunaona hasara; yeye anaona kwamba amekaribia. Luke Clark na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge walichapisha mwaka 2009 utafiti uliochungulia ubongo wa watu wakicheza mashine ya kubahatisha, na wakakuta kwamba kukosa padogo huamsha sehemu zilezile zinazoamka mtu anaposhinda, na humfanya atamani kuendelea. Mkeka wa timu 10 ni kiwanda cha kukosa padogo.

Halafu kikaja kindege, yaani Aviator, ambacho hakingoji Jumamosi wala marefa. Raundi moja ni sekunde chache: kinapaa, namba inapanda, utoe hela kabla hakijatoweka. Kikikatika chini mara tano mfululizo mchezaji hujiambia kwamba sasa lazima kipande. Imani hiyo ina umri mkubwa. Usiku wa tarehe 18 Agosti 1913, katika kasino ya Monte Carlo, gololi ya ruleti iliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo, na watu wakazidi kumwaga fedha kwenye nyekundu wakiamini zamu yake imefika. Gololi haina kumbukumbu ya raundi iliyopita. Kindege nacho hakina.

Mtu wa namna hii hufika mahali hachezi tena kwa ajili ya faida. Anacheza ili arudishe. Lengo lake ni kufika pale alipokuwa kabla ya Jumanne, alipe alichokopa kazini, kisha aache. Kwa hiyo nia ya kuacha na nia ya kucheza zinakuwa kitu kimoja, na ndiyo maana unaweza kumsikia akiapa kwa machozi ya kweli na saa mbili baadaye yumo ndani. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliuingiza uraibu wa kamari kwenye orodha yake ya magonjwa mwaka 1980, na mwaka 2013 kikauhamishia kwenye kundi moja na pombe na dawa za kulevya. Shirika la Afya Duniani nalo linautambua kama ugonjwa. Mtaani kwetu bado unaitwa tamaa.

Mashabiki wa Arsenal wa umri fulani wanamkumbuka Paul Merson. Mwaka 1994 alikiri hadharani kwamba amezama katika pombe, kokeini na kamari. Pombe na kokeini watu walizielewa haraka. Kamari ndiyo iliyomwandama muda mrefu zaidi: mwaka 2020, dunia ikiwa imefungiwa ndani kwa sababu ya Korona, alirudi akapoteza fedha zilizokuwa malipo ya awali ya nyumba ya familia yake. Mwaka uliofuata alisimulia hayo kwenye kipindi cha BBC. Zaidi ya robo karne ilikuwa imepita tangu akiri mara ya kwanza, na katika miaka hiyo alikuwa na matibabu, umaarufu na kazi ya runinga. Namtaja kwa ajili ya wale wanaodhani mtoto wao anarudia kwa sababu ana kichwa kigumu au kwa sababu ni maskini.

*

Familia hujua mwisho. Na mara nyingi haijui kwa kuambiwa. Inapigiwa simu. Mkopo wa kwenye simu umechelewa, programu imeshasoma majina yote kwenye kitabu cha simu cha mdaiwa, na sasa mtu asiyejulikana anampigia shangazi yake aliyeko Tanga na kumwambia mwanao ni tapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Pembeni yake kuna mikopo ya kausha damu, kuna Songesha, na ng'ambo ya mpaka kuna Fuliza, ambayo tangu 2019 humruhusu Mkenya kulipa hata salio la M-Pesa likiwa limeisha. Mcheza kamari wa zamani alilazimika kumtafuta mkopeshaji. Wa leo ana wakopeshaji saba kwenye simu ileile anayochezea.

Kinachofuata ni kikao. Mjomba mkubwa anafungua kwa dua, wazee wanasema maneno mazito, mama yuko kimya pembeni, kisha mtu anauliza swali ambalo wote wamelijia: "Jumla ni ngapi?" Kijana anasema milioni mbili na laki nane. Ukweli ni nne na nusu, lakini ameona sura ya mama yake, na amejiambia hiyo iliyobaki ataimaliza mwenyewe pole pole. Familia inachanga. Mmoja anatoa zamu yake ya upatu, mwingine anauza mbao alizokuwa amewekea nyumba. Deni linalipwa ndani ya wiki, na sharti kubwa kuliko yote ni kwamba habari hizi zisitoke nje ya ukuta. Kijana analia na anaapa.

Nimesikia kikao hiki kikisimuliwa na watu wasiojuana, wa dini tofauti na mikoa tofauti, na huwa kinafanana hadi kwenye chai. Na karibu kila mara anayesimulia anasimulia cha pili, au cha tatu.

Daktari wa Marekani aitwaye Robert Custer alikiona kikao hicho muda mrefu kabla ya simu za mkononi. Mwaka 1972, katika hospitali ya maveterani ya Brecksville, Ohio, alianzisha wodi ya kwanza ya kulaza watu wenye uraibu wa kamari. Aligundua kwamba karibu kila mgonjwa wake alikuwa ameshaokolewa: baba, mke, mwajiri, mtu fulani alikuwa amelipa. Na kwa mchezaji wokovu huo unakuja kama ushindi. Fedha nyingi zimetokea ghafla, presha imeondoka, na usiku huo analala usingizi mzuri. Lakini deni ndilo lilikuwa kitu pekee kilichokuwa kinamwambia ukweli. Familia imelinyamazisha, tena kwa fedha yake. Juu ya hapo sasa anajua kwamba kuna mahali hela huwa inapatikana mambo yakifika mwisho. Na ile milioni moja na laki saba aliyoificha bado ipo, inazaa riba, na dawa moja tu anayoijua ya kuilipa haraka ni ile iliyomfikisha pale.

Sisemi familia imwache azame. Nasema inatanguliza kinachopaswa kuja mwisho. Chama cha Gamblers Anonymous, kilichoanzia Los Angeles mwezi Septemba 1957, kina utaratibu ambao mtu wa Afrika Mashariki ataufahamu upesi, kwa kuwa nao ni kikao. Mwanachama aliyekwisha kaa bila kucheza kwa muda anaketi na wenzake wachache waliomtangulia, mwenzi wake akiwepo. Anaandika kila deni: anayedai, kiasi, tangu lini, hata lile la elfu tano la mama ntilie. Kisha wanapanga namna atakavyolipa mwenyewe, kutoka kwenye kipato chake, hata kama itachukua miaka, na wadai wanaendewa na kuambiwa hivyo. Hakuna kukopa ili kulipa. Chakula cha mke na watoto na kodi ya nyumba vinatengwa kwanza. Ukikilinganisha na kikao chetu, tofauti iko sehemu mbili: orodha ni kamili, na anayelipa ni yeye.

Ugumu wa orodha kamili usiupuuze. Mtu huyu amefundishwa na mchezo wake kuficha, na atataja deni la mwisho siku ambayo kulitaja hakutamletea kelele. Mzee anayepiga meza kikaoni anajinyima habari anazozihitaji. Nimewahi kumsikia mama mmoja wa makamo akieleza alivyofanya: alimpa mwanawe daftari, akamwambia aandike usiku huo peke yake, na kwamba asubuhi atalisoma bila kusema neno mpaka jioni. Akasema kwamba kukaa kimya siku ile nzima kulikuwa kugumu kuliko kufiwa. Kurasa zilikuwa nne.

Baada ya orodha huja suala la nani ashike hela. Jibu la haraka ni mke, na kwa muda mfupi hufaa. Mshahara unaingia kwake, yeye anatoa nauli na ya chakula cha mchana, laini ya pili ya simu inafungwa. Lakini ndoa iliyogeuzwa lindo huchoka haraka. Mwanamume wa miaka 38 anayeomba elfu mbili ya vocha anajiona mtoto. Mwanamke anayepekua ujumbe wa simu usiku anajiona askari, na hakuolewa kwa kazi hiyo. Siku akikosea kumwamini, ndugu wa mume watasema alimbana mno; akimwamini akapoteza, watasema hakumchunga. Ikiwezekana, kazi hii apewe mtu wa tatu: dada mkubwa, rafiki asiyebeti, mweka hazina wa kikoba. Na kwa dereva wa bodaboda anayelipwa taslimu mchana kutwa, yote haya hayafui dafu isipokuwa kama amekubali mwenyewe kukabidhi hesabu kila jioni. Anayelazimishwa atabakiza ya dau mfukoni, na hakuna mke duniani wa kujua abiria walikuwa wangapi.

Waandishi wanaotaka kuwatia moyo wake wa wacheza kamari hupenda kumtaja Fyodor Dostoevsky, mwandishi wa Urusi. Mwaka 1866 alikuwa na madeni na mkataba mbaya na mchapishaji, akamwajiri msichana mwenye hati mkato aitwaye Anna, na kwa siku 26 akamsomea riwaya nzima kuhusu mcheza kamari. Mwaka uliofuata wakaoana, wakaenda Ulaya Magharibi, na huko Baden-Baden akaweka rehani pete ya ndoa ya Anna, hereni zake na nguo zake kwa ajili ya ruleti. Anna hakumgombeza. Aliandika baadaye kwamba alikuja kuiona kamari yake kuwa ugonjwa. Aprili 1871, mume akiwa amenyong'onyea na kazi haiendi, ni yeye aliyempa fedha na kumwambia aende Wiesbaden. Akapoteza zote. Na hiyo ikawa mara ya mwisho. Hakucheza tena mpaka alipokufa mwaka 1881.

Kwenye mahubiri ya ndoa kisa hiki huishia hapo, na mke anaambiwa avumilie kama Anna. Huo ni udanganyifu. Waliporudi Urusi Anna alichukua mambo yote ya fedha mkononi mwake: alizungumza na wadai, akaanza kuchapisha na kuuza vitabu vya mumewe mwenyewe kutoka nyumbani, na madeni yakalipwa kwa miaka. Na kuna jambo jingine ambalo husahaulika. Mwishoni mwa 1872 Ujerumani ilizifunga kasino zake. Ruleti za Baden-Baden, Homburg na Wiesbaden zilinyamaza. Nia ya Dostoevsky ilikuwa ya kweli, lakini ilisaidiwa na umbali wa safari ya treni, na kisha na milango iliyofungwa. Mgonjwa wetu wa leo analala na kasino chini ya mto.

*

Viongozi wa dini nitawazungumzia kwa ufupi. Kwa Waislamu jambo liko wazi katika sura ya Al-Maida, aya ya 90 na 91, ambako kamari imetajwa pamoja na ulevi. Makanisa mengi nayo yanaikataza. Muumini anayebeti anajua hukumu, na hukumu haijamtoa. Nguvu ya shehe au mchungaji iko kwingine: anaweza kuwa mtu wa kumpigia Ijumaa saa kumi na moja jioni, mshahara ukiwa umeingia. Tatizo ni ushuhuda wa hadharani. Mtu aliyesimama mbele ya waumini mia tatu akashangiliwa kwamba amefunguliwa, akiteleza mwezi unaofuata hana pa kupita. Atafanya alichokuwa akifanya siku zote, yaani atajificha. Wachungaji wangesubiri.

Yupo mmoja ambaye hamcheki, hamkaripii wala hamchoki. Mtu akiacha kubeti wiki mbili, kampuni inamwandikia ujumbe: imemkumbuka, imemwekea bonasi, ni yake leo tu. Katika watu wote wanaomzunguka hakuna anayefuatilia siku zake za kujizuia kwa makini kama huyo. Akizima ujumbe, bado kuna jezi. Simba walisaini na M-Bet mwaka 2022, Yanga kwa miaka mingi wamevaa SportPesa, na ligi kuu ya Kenya yenyewe iliwahi kuitwa SportPesa Premier League. Mlevi anayeacha pombe anaweza kubadili njia asipite baa. Shabiki wa Yanga atabadili nini?

Wakubwa wa soka wanaonyesha unafiki wa kuadhibu kamari huku wakiitangaza, na pia namna ya kuuvuka. Mei 2023 chama cha soka cha Uingereza kilimfungia Ivan Toney wa Brentford miezi minane kwa kubeti kinyume cha kanuni mara 232. Adhabu ilikuwa iwe miezi 11. Ilipunguzwa kwa sababu daktari alithibitisha kwamba ana uraibu. Kifuani mwa jezi aliyokuwa akichezea kulikuwa na jina la kampuni ya kubeti. Lakini klabu ilimshikilia, na Januari 2024 aliporudi alifunga bao kwa mpira wa adhabu kwenye mechi yake ya kwanza. Miezi michache baada ya Toney kufungiwa, Sandro Tonali wa Newcastle alifungiwa miezi 10 na shirikisho la Italia, na katika makubaliano kukawa na matibabu na wajibu wa kwenda mara 16 kuzungumza na vijana. Mashabiki waliendelea kumwimba. Klabu iliyokuwa imemnunua kwa fedha nyingi mwezi Julai ingeweza kutafuta njia ya kumtupa, haikufanya hivyo, na Machi 2025 alikuwa uwanjani Newcastle ilipotwaa Kombe la Ligi. Alihukumiwa, akatibiwa, na nafasi yake ikamngoja. Watu wengi kwetu hupewa la kwanza tu.

Serikali zetu hujibu kwa kishindo na kwa muda mfupi. Julai 2019 Kenya ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27 za kubeti kwa mgogoro uliohusu kodi. Baadaye michezo ikarudi. Aprili 2025 matangazo ya kamari yalisimamishwa nchini humo kwa siku 30. Kilichosaidia Waingereza wengi ni kitu kidogo zaidi: mfumo uitwao GAMSTOP, ambao tangu 2020 kampuni zote za mtandaoni zenye leseni huko zinalazimika kuufuata. Mtu anajiandikisha mara moja, katika saa ambayo akili yake imetulia, na milango yote inafungwa kwa muda aliouchagua. Kwetu mtu anafunga akaunti ya kampuni moja huku kadhaa nyingine zikimngoja kwa namba yake ileile ya simu. Tanzania, laini zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA). Uwezo wa kiufundi wa kumzuia mtu aliyeomba mwenyewe azuiwe upo. Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ikiamua, hili halihitaji miaka.

Mpaka hapo itakapoamua, kazi imebaki kwa walio karibu, na kazi yenyewe mara nyingi huja usiku. Atagonga mlango, au atapiga simu, na sauti itakuwa ya mtu anayedaiwa asubuhi. Ukiwa wewe ndiye uliyefuatwa, usilipe usiku huo. Mpe chakula. Omba simu yake na mtazame pamoja mikopo yote, mmoja baada ya mwingine, uandike. Usiulize kwanza ni kiasi gani. Uliza ilianza saa ngapi, alikuwa wapi, alikuwa na nani, mshahara uliingia lini, maana hapo ndipo mtajua mlango gani wa kufunga wiki ijayo. Kama alikuwa amekaa miezi minne bila kucheza kisha akateleza, miezi minne hiyo haijafutika, na mwambie hivyo. Akitamka, hata kwa mzaha, kwamba afadhali afe, usimwache peke yake hata chooni akikawia, na kukicha mpeleke hospitali yenye huduma ya afya ya akili: Muhimbili ukiwa Dar es Salaam, Mirembe ukiwa Dodoma, Mathari ukiwa Nairobi, au ya mkoa iliyo karibu nawe. Eleza mapokezi kwamba ni uraibu wa kamari na kwamba ametaja kujiua, na msiondoke kabla daktari hajamwona.